Ndege imeanguka: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Kila ndege ya abiria inapoanguka, simu yangu hujaa maswali yale yale. Rubani alilala? Lilikuwa bomu? Ndege ilikuwa kuukuu? Nami huuliza swali moja tu: ilionyesha dalili gani kabla ya kuanguka? Dalili ndiyo inayokupunguzia njia. Ndege iliyotetemeka sekunde chache baada ya kuacha ardhi haina chanzo kimoja na ile iliyonyamaza juu ya bahari usiku wa manane.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Chini ya kila moja naanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi katika ripoti, kisha nashuka kwenye vile vya nadra. Kabla ya yote jua mambo matatu: ndege ilikuwa katika hatua gani ya safari, hali ya hewa ilikuwaje, na fundi aliigusa mara ya mwisho lini na kwa ajili gani. Hilo la tatu watu hulisahau, na mara nyingi jibu limelala hapo hapo.

Dalili: imekimbia, imenyanyuka kidogo, imerudi chini

Naanza na hii kwa sababu ilitupata Nairobi. Tarehe 20 Novemba 1974 Boeing 747 ya Lufthansa iliyotoka Frankfurt ikielekea Johannesburg iliruka kutoka Embakasi ikiwa na watu 157. Iliacha ardhi, ikaanza kutetemeka, ikakataa kupanda, na kama kilomita moja baada ya mwisho wa njia ya kurukia ikajibwaga chini na kushika moto. Walikufa watu 59. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu.

Bawa la ndege kubwa limeundwa kwa mwendo mkali wa huko juu. Ndege ikiwa na mwendo mdogo, bawa lazima lipanuliwe: nyuma zinashuka flapu, mbele vinachomoza vibawa. Katika 747 ile, vya mbele husukumwa na hewa ya mgandamizo kutoka kwenye injini, nayo hewa hupita kwenye vali ambazo mhandisi wa ndani ya ndege ndiye huzifungua. Siku ile zilibaki zimefungwa. Za nyuma zilishuka, vya mbele havikutoka, na hapakuwa na kengele ya kuwaambia marubani. Nairobi iko zaidi ya futi 5,300 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na bawa lililofunguka nusu halipati pa kushika. Baada ya ajali hiyo Boeing iliongeza tahadhari ya kumjulisha rubani.

Vyanzo, kuanzia kilicho cha kawaida:

1. Bawa halikuandaliwa. Ilijirudia Detroit tarehe 16 Agosti 1987, ambapo ndani ya ndege alipona mtoto mmoja tu wa miaka minne, na Madrid tarehe 20 Agosti 2008, watu 154 wakafa. Mara zote mbili flapu hazikushushwa na kengele iliyopaswa kupiga kelele ilikaa kimya. Ile ya Madrid ilikuwa imetoka kurudishwa kwa mafundi kwa sababu ya kipima joto kilichokuwa kinachemka. Haraka, joto, abiria wanaolalamika, na kipengele kimoja katika orodha ya ukaguzi kinarukwa.

2. Barafu juu ya mabawa. Washington, tarehe 13 Januari 1982: Boeing 737 ya Air Florida iligonga daraja la mto Potomac dakika moja isiyotimia baada ya kuruka. Kwetu hili ni geni, ila anayesafiri Ulaya au Kanada wakati wa baridi alijue.

3. Kengele ya uongo. Abidjan, usiku wa tarehe 30 Januari 2000, Airbus A310 ya Kenya Airways ilipiga kengele ya kuonya kwamba bawa linakaribia kuishiwa mnyanyuko, yaani nguvu ya hewa inayoibeba ndege, wakati bawa lilikuwa zima. Pua ikashushwa. Chini palikuwa na bahari na giza. Katika watu 179 walipona 10.

Ukaguzi rahisi: tazama picha za mabaki. Skrubu kubwa zinazosogeza flapu hubaki pale zilipokuwa wakati wa kugonga, na wachunguzi huzipima kwa rula. Ni kipimo cha kawaida kabisa, na hakina upande.

Simama hapa: usihukumu kwa video ya simu. Baadhi ya ndege huruka na flapu zilizoshuka kidogo sana hata jicho lisizione. Lakini ukiwa abiria, ukaona theluji au barafu juu ya bawa na ndege inaanza kutembea, bonyeza kitufe na mwambie mhudumu.

Dalili: vipimo vinagombana

Saa ya mwendo ya rubani inasema hivi, ya msaidizi wake inasema vile. Kengele ya mwendo uliozidi inalia pamoja na ile ya mwendo uliopungua. Mwanadamu aliyekaa gizani na kengele mbili zinazokanushana yuko katika hali ngumu kuliko tunavyodhani tulio chini.

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni uchafu. Nasema hivyo nikijua linavyosikika. Pembeni mwa pua ya ndege kuna mirija myembamba, minene kama kidole, inayoelekea mbele. Inaitwa mirija ya pito. Hewa ikiingia humo kwa nguvu, chombo kinapima mwendo. Karibu yake kuna vitundu vidogo bapa vinavyopima mgandamizo wa hewa ya nje, na hivyo ndivyo vinavyotoa kimo. Ndege ikiegeshwa, mirija huvalishwa vifuniko vyenye utepe mwekundu mrefu. Niliwahi kupanda ndege ndogo ya propela katika uwanja wa bara ambao abiria wanatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi, nikaona utepe huo bado unapepea. Nilimwonyesha fundi kwa kidole. Alikuwa njiani kuutoa, akanishukuru, akanionyesha kile kifuniko mkononi: kipande cha kitambaa kigumu chenye ukubwa wa soksi ya mtoto. Nilikaa kwenye kiti changu nikikiwaza safari nzima.

Maana kule Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, Boeing 757 ya Birgenair ilikaa siku kadhaa bila vifuniko. Tarehe 6 Februari 1996 iliruka na saa ya mwendo ya rubani haikufanya kazi sawasawa. Aliliona hilo angali anakimbia kwenye njia, na ya msaidizi ilikuwa nzima, lakini hakusimama. Walikufa wote 189. Wachunguzi waliona kinachoelekea zaidi kuwa chanzo ni nyigu wa udongo, wale wale tunaowakuta wamejenga vichuguu vyao kwenye kona za dirisha na matundu ya kitasa. Mdudu akipata tundu lililotulia, anajenga.

Miezi minane baadaye, tarehe 2 Oktoba 1996, 757 nyingine, ya Aeroperú, iliondoka Lima usiku. Waliokuwa wameiosha walibandika utepe wa gundi juu ya vitundu vya kimo ili maji yasiingie, na haukubanduliwa. Marubani walipoona kimo hakieleweki waliuliza mnara wa kuongozea ndege. Mnara ukawasomea kimo, nao wakatulia kidogo. Masikitiko ni kwamba namba hiyo ilikuwa inatoka kwenye chombo cha ndege yao wenyewe, kile kile kilichozibwa. Bawa liligusa bahari wakati vipimo vinasema wako maelfu ya futi juu. Watu 70.

Chanzo cha pili ni barafu ya angani ndani ya mirija hiyo hiyo. Tarehe 1 Juni 2009 Airbus A330 ya Air France ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipita katika mawingu mazito ya Atlantiki, mirija ikaganda kwa muda mfupi, na mfumo wa kujiendesha ukajitoa na kuwaachia marubani usukani. Ndege yenyewe ilikuwa nzima. Msaidizi aliyeshika usukani alivuta pua juu na kuendelea kuvuta. Onyo la kupotea mnyanyuko lilisikika mara 75. Walianguka baharini wote 228, na visanduku vya kurekodi vilitolewa karibu kilomita nne chini ya maji miaka miwili baadaye.

Cha tatu, nacho ni cha nadra lakini kizito: kompyuta inayosikiliza kihisi kimoja tu. Ni habari ya Boeing 737 MAX. Kihisi cha pembe ya bawa kikidanganya, programu iliyoitwa MCAS ilisukuma pua chini, rubani akiivuta inasukuma tena. Lion Air, tarehe 29 Oktoba 2018, watu 189. Ethiopian Airlines, tarehe 10 Machi 2019, watu 157, dakika sita baada ya kuondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Wakenya walikuwa wengi kuliko taifa lingine lolote katika orodha ile, na wapo watu wanaosoma hapa waliokuwa wakisubiri uwanjani JKIA, Nairobi, siku hiyo. Jambo lisilonitoka kichwani ni kwamba ile ya Lion Air ilifanya hivyo hivyo katika safari iliyotangulia. Siku hiyo chumbani mwa marubani alikuwapo rubani wa tatu, waliukata mfumo, wakafika. Ndege ikaguswa na mafundi, ikaruka tena kesho yake.

Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza hapa ni kitabu cha ufundi cha ndege: safari tano zilizopita ziliandika nini?

Simama hapa: data za kompyuta za ndege hazisomwi na mtu wa mtandaoni. Kwa taratibu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30. Isubiri.

Dalili: injini zimenyamaza

Watu hukimbilia kusema injini ilikufa. Kagua mafuta kwanza. Kama mabaki hayakuungua, hiyo ni ishara kubwa ya kuishiwa mafuta.

Portland, Marekani, tarehe 28 Desemba 1978: DC-8 ya United ilisikika ikitoa kishindo wakati wa kushusha magurudumu. Nahodha alizunguka angani karibu saa nzima akichunguza magurudumu hayo. Wenzake walitaja mafuta, kwa sauti ya chini, kwa adabu. Injini zikazimika moja baada ya nyingine. Walikufa watu 10. Kutoka hapo ndipo mashirika yalianza kufundisha marubani kusikilizana chumbani, mdogo aseme kwa nguvu na mkubwa akubali kusahihishwa. Sisi tuliolelewa kutomkatiza mkubwa tuisome ajali hii mara mbili.

Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya Avianca ilizungushwa karibu na New York zaidi ya saa moja kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Marubani wake waliomba kipaumbele; hawakutamka neno la dharura, na mnara haukuelewa kwamba matangi yamekauka. Wakafa watu 73 kwa kukosekana kwa neno moja.

Kuna pia mafuta yaliyopimwa vibaya: Kanada, mwezi Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilijazwa kwa hesabu ya pauni badala ya kilo, yaani chini ya nusu ya iliyohitajika. Rubani aliyekuwa na ujuzi wa kurusha ndege zisizo na injini aliiteremsha Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi, na wote wakapona.

Baada ya mafuta, kagua ndege wa angani wanaoingia kwenye injini (mto Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009, wote 155 walitoka hai), kisha majivu ya volkano.

Halafu kipo chanzo kinachoniumiza kuliko vyote katika kundi hili: kuzima injini nzima ukaiacha mbovu. Karibu na Kegworth, Uingereza, tarehe 8 Januari 1989, Boeing 737 ilivunjika kipande cha feni katika injini ya kushoto. Marubani walizima ya kulia. Nahodha akawatangazia abiria kwamba ya kulia ndiyo ilikuwa na hitilafu na sasa imezimwa. Abiria wa upande wa kushoto walikuwa wameona cheche kwa macho yao. Waliusikia ule msemo, wakashangaa, wakanyamaza, wakidhani mwenye kazi anajua zaidi. Walikufa 47. Taipei, tarehe 4 Februari 2015, kosa kama hilo kwenye ATR 72 liliua 43.

Simama hapa, na hili ni kwa abiria: ukiona moto, cheche au mafuta yanamwagika bawani, mwambie mhudumu upande upi, kwa maneno yasiyo na utata: "Injini ya kushoto inatoa moto, nimeiona." Taja na namba ya kiti chako. Usidhani wanajua.

Dalili: ndege nzima, haina hitilafu, imegonga ardhi au maji

Sababu ya kawaida ni macho ya watu wote kuelekea mahali pamoja. Florida, tarehe 29 Desemba 1972: wataalamu waliokuwa chumbani walihangaika na balbu ya taa ya gurudumu la mbele iliyoungua. Hakuna aliyegundua kwamba ndege inashuka polepole kwenye kinamasi. Watu 101, kwa balbu.

Sababu ya pili ni giza. Douala, usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kuja nyumbani Nairobi. Ilidhaniwa mfumo wa kujiendesha umeshika, haukuwa umeshika. Ndege ikalalia kulia taratibu, taratibu kiasi kwamba mwili wa mtu hauhisi. Nje hapakuwa na taa wala upeo wa macho. Ilipogunduliwa, usukani ulizungushwa ovyo. Walikufa wote 114, na mabaki yalipatikana baada ya karibu siku mbili, katika mikoko, kilomita zisizozidi sita kutoka uwanjani.

Sababu ya tatu ni kulazimisha kutua katika mvua na mawingu, hasa kwenye viwanja vilivyo kando ya maji au milima.

Simama hapa: usiseme "rubani mzembe" kwa sababu ndege ilikuwa nzima. Sikio la ndani humdanganya kila binadamu gizani, hata mwenye maelfu ya saa.

Dalili: ndege haijibu, inaruka yenyewe

Kagua hewa ya ndani. Tarehe 14 Agosti 2005 Boeing 737 ya Helios iliondoka Larnaca kwenda Athens. Mafundi walikuwa wamepima uvujaji wa hewa alfajiri, wakaacha swichi ya mgandamizo wa hewa kwenye alama ya mkono badala ya ya kujiendesha. Kengele ililia, lakini mlio wake ulifanana na ule wa maandalizi ya kuruka, marubani wakadhani ni huo. Hewa ikapungua, wakazimia wakiwa wamekaa. Ndege za kivita za Ugiriki zilipoifikia ziliona vinyago vya oksijeni vinaning'inia. Watu 121.

Abiria: kinyago kikishuka, vaa chako kwanza, ndipo umvalishe mtoto. Akili huanza kupotea kabla hujajua.

Dalili: mwili umepasuka angani

Bomu lipo katika historia, lakini usianze nalo. Anza na chuma kilichochoka na matengenezo ya zamani. Ndege mbili za Comet, za abiria zilizoundwa Uingereza, zilipasuka mwaka 1954. Wahandisi wa Farnborough, huko huko Uingereza, waliizamisha nyingine katika tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza mgandamizo mara nyingi mno, hadi nyufa zikajitokeza kwenye kona za matundu ya mwili. Ndege ya Japan Airlines iliyoua 520 tarehe 12 Agosti 1985 ilikuwa imegonga mkia miaka saba kabla, na kiraka cha ukuta wa nyuma kilipigwa mstari mmoja wa ribiti mahali palipotakiwa miwili.

Kagua na milango ya mizigo. Karibu na Paris, tarehe 3 Machi 1974, DC-10 ya Turkish Airlines ilipoteza mlango wa mizigo, wakafa 346. Maelekezo ya kuufunga yalikuwa kwa Kiingereza na Kituruki, lugha ambazo aliyeufunga hakuzisoma. Miaka miwili kabla, mlango kama huo ulikuwa umefunguka juu ya Kanada na onyo likapita.

Dalili: ajali ya chini, kwenye njia yenyewe

Kagua maneno ya redio. Kisiwa cha Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977, ukungu: ndege mbili za 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana, watu 583, na hakuna ajali ya ndege iliyozidi hapo. Mhandisi wa KLM aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Nahodha wake alimjibu kwa uhakika kwamba ndiyo.

Kisha kagua urefu wa njia. Goma, tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ilishindwa kuruka ikaingia Birere, mtaa wa soko, na wengi waliokufa walikuwa chini wakitafuta riziki. Lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilikuwa imekula kipande cha njia hiyo.

Dalili: moshi, au maji ndani ya ndege

Hapa hakuna kuchunguza. Hapa ni kutoka.

Mwaka 1983 ndege ya Air Canada iliyowaka chooni ilitua Cincinnati, na dakika moja na kitu baada ya milango kufunguliwa moto ulilipuka ndani; nusu ya watu 46 hawakutoka. Taa za sakafuni unazoziona leo zilitokana na siku hiyo. Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, abiria na wahudumu wote 379 wa Japan Airlines walitoka katika ndege inayowaka, wakiacha mabegi. Acha begi. Inama chini ya moshi. Ukikaa kitini kabla ya kuruka, hesabu viti hadi mlango wa dharura, mbele na nyuma, ili uweze kuvipapasa gizani.

Kwa maji, kumbuka Ngazija, Komoro. Tarehe 23 Novemba 1996 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ikija Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, na nahodha akaishusha baharini karibu na ufuko. Kati ya watu 175 walikufa 125. Baadhi yao walishapona mgongano, ila walikuwa wamejaza upepo jaketi za kujiokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia ziliwanyanyua hadi darini wakashindwa kuzama kuelekea mlangoni.

Na Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air iliingia Ziwa Viktoria karibu na uwanja, wavuvi walifika wa kwanza na mitumbwi yao. Walipona 24, wakafa 19. Ukiwa mvuvi au mkazi wa kando ya uwanja: nenda kwenye milango ya nyuma iliyo juu ya maji, washa taa, vuta watu, na usiwashe injini ya boti karibu na mafuta yaliyotapakaa. Ukiwa abiria: vaa jaketi, fungua mkanda baada ya ndege kutulia, shika kiti kinachofuata, pita mlangoni, ndipo uvute kamba ya upepo.